Mwigizaji Tuliyemzika Bangwe

Alishuka Kibirizi, ufukweni Kigoma, akiwa na ngata kichwani na hana mzigo. Hicho ndicho nilichokiona kwanza. Miaka ile ya wakimbizi boti zilikuwa zinakuja kutoka upande wa Burundi zimejaa mpaka maji yanataka kuingia ndani, na watu wanashuka na magodoro, masufuria, mbuzi, cherehani, mmoja nilimwona na mlango wa nyumba yake. Mimi nilikuwa nafuata mawese ya jumla pale, kwa hiyo niliona mengi. Lakini mtoto wa kike wa miaka kumi na minne hivi, amesimama majini hadi magotini, ngata ya kitenge imekaa sawasawa kichwani kama vile mzigo umeinuliwa sasa hivi, huyo nilikuwa sijamwona.

Nikamuuliza kwa Kiha changu cha kuombea maji, maana sisi wa Ujiji Kiha tunakijua nusunusu, na Kirundi na Kiha vinaelewana: mzigo wako uko wapi?

Akasema mzigo anao mama.

Mama yake alimsokotea ile ngata ufukweni kwao, akamweka nayo kwenye boti, akamwambia shika nafasi, nafuata mzigo. Akageuka kuufuata. Nyuma yake bunduki zikalia, mwenye boti akasukuma.

"Mama anakuja na boti ya nyuma," akaniambia.

Tukaingoja boti ya nyuma. Tukangoja na iliyofuata. Jua lilipopungua nikamshika mkono nikaenda naye nyumbani, na ngata yake akawa ameishika kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Sheria ilikuwa inajulikana: mkimbizi anaandikishwa, anapanda lori, anapelekwa kambini. Nilikuwa nimpeleke asubuhi. Asubuhi nikasema kesho, maana ana homa. Homa ikapoa, nikasema tungoje kwanza boti za wiki hii. Mimi nilizaa wana wa kiume watatu, wa kike sikujaliwa, na yule mtoto kwa siku nne tu alikuwa ameshajua chumvi inakaa wapi na jiko langu linapenda kuni gani. Majirani walipouliza nikasema ni binti wa kaka yangu wa Kasulu. Nikampa na jina. Jina lake la kweli ninalo mpaka leo, lile la uongo ninalo, na ya wote nitakaowataja hapa ninayo, hakuna hata moja lililonitoka. Siyaandiki. Wengine bado wana makaratasi yenye jina moja na ndugu wanaowaita kwa jina jingine.

Huko makambini kulikuwa na watu kazi yao kuunganisha waliopotezana. Walikuwa wanawapiga watoto picha, picha zinabandikwa kwenye ubao, na wazazi wanapita taratibu wanaangalia uso mmoja mmoja. Uso wa mtoto wangu haukubandikwa, kwa sababu kwenye maneno yangu hakupotea. Alikuwa binti wa kaka yangu wa Kasulu. Miaka ilipopita nikaona nilichofanya, lakini ukishadanganya mtaa mzima, na mjumbe, na shule, kurudi nyuma ni kazi. Ningemfichua yeye na kujifichua mimi. Nilikaa kimya. Hilo ni langu, na sitaki mtu anipunguzie.

Uigizaji ulimkuta Katonga, kwenye soko la samaki. Alikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa wakati wa kipindupindu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi Kigoma, alikuwa na kikundi cha maigizo kinachozunguka kufundisha watu kunawa mikono. Wamekuja na ngoma, watu wamejaa, halafu mwanamke aliyekuwa aigize muuza dagaa hakutokea. Mume wake kamkataza. Mwalimu akaangaza macho, akamwona wangu amesimama kwenye madebe yangu ya mawese.

"Binti, unaweza kuuza dagaa?"

"Za nani?"

"Za uongo. Wewe uza, uwe mchafu. Watu wakikuuliza, wajibu unavyotaka. Nikikupa ishara, unaugua."

Akanitazama. Nikainua bega. Akaweka ile ngata yake kichwani, juu yake ungo mtupu, na alipopiga hatua ya tatu nilishangaa, maana aliyekuwa anatembea pale hakuwa binti yangu. Alikuwa mama wa miaka hamsini, kiuno kinauma, ana hasira na dunia nzima.

Watu wa Katonga hawana huruma. Mvuvi mmoja akampigia kelele, "Shangazi, hizo dagaa zako zimekufa lini?"

"Siku uliyooga mara ya mwisho," akamjibu bila kugeuka.

"Mikono umenawa?"

"Nimenawa. Idi iliyopita."

"Nipe ya kuonja basi."

"Onja, mwanangu, onja. Hawa inzi wote wameonja na hakuna aliyelalamika."

Soko likavunjika mbavu. Kisha mwalimu akampa ishara, akaugua. Alijikunja, ungo ukaanguka, macho yakazama, midomo ikakauka mbele yetu, sijui aliikaushaje. Mama mmoja muuza migebuka akaacha samaki wake akakimbia na kopo la maji, akamnyanyua kichwa, anamwita Mola. Mwalimu ikabidi aingilie.

"Mama, ni mchezo."

"Mchezo gani wakati mtoto anakufa?"

"Mama, ni mchezo, mtazame, anacheka."

Yule mama alimwangalia, akammwagia yale maji usoni, akarudi kwenye migebuka yake amenuna. Nikacheka mpaka nikaegemea debe. Siku hiyo niliona ni jambo la kuchekesha tu.

Njiani kurudi Ujiji binti alitangulia, ngata mkononi. Tulipofika karibu na nyumbani akauliza, "Mama, huyu mwalimu huwa anakwenda na makambini?"

"Anakwenda. Ndiko anakoitwa sana."

"Watu wengi huwa wanakuja kutazama?"

"Kambi nzima."

Tukatembea tena. "Basi nitaigiza," akasema.

Hakunieleza zaidi na sikumuuliza, maana nilielewa. Kwenye ubao wa picha hakuwa na nafasi. Akasimama mwenyewe mbele ya watu awe picha.

Alizunguka na kikundi miaka minne. Wanapanda lori asubuhi na ngoma zao na kanzu za kuigizia, wanarudi baada ya siku tatu wamepauka vumbi jekundu. Mwalimu alikuwa analalamika kwangu. Alikuja siku moja akaketi uani, nikampa chai.

"Mama, mwanao ana kipaji lakini hafuati maelekezo. Namwambia, unaongea na mume wako, mtazame mume wako. Yeye anatazama watu."

Binti alikuwa anachambua mchele pembeni. "Mume wangu nimeshamwona, Mwalimu."

"Unaona? Unaona majibu yake?"

"Mwalimu, mume wangu mwenyewe ni karani wa posta, kavaa masharubu ya katani. Nimtazame ili iweje?"

Lakini watu walimpenda kwa hilo hilo. Walikuwa wanasema yule msichana ana macho, kwamba ukikaa mstari wa nyuma kabisa unaona anazungumza na wewe peke yako. Ilikuwa kweli. Kila mstari aliupitia, kila mwanamke mwenye kilemba, akatoka kwake akaenda kwa mwingine, huku mdomo unaendelea kusema maneno ya mchezo. Wakadhani ni ufundi. Baadaye ukawa ufundi kweli, lakini mwanzo wake ni huo, alikuwa anatafuta.

Akirudi nilikuwa namtazama usoni nikijua kama amepata au hakupata. Hakupata. Kambi zilikuwa nyingi na kila moja ni mji. Na nafsi yangu, niseme kweli, kila alipokosa ilisikitika upande mmoja na kutulia upande wa pili.

Kisha likaja jambo la kaseti. Mjini Kigoma alikuwepo mpiga video wa harusi na misiba. Misiba ndiyo iliyomlisha zaidi, kwa sababu mji wetu una wafanyakazi wengi wa serikali kutoka mbali, Mbeya, Moshi, Mtwara. Mmoja wao akifariki na kuzikwa huku, ndugu walioshindwa kusafiri wanapelekewa kaseti waone mtu wao alivyosindikizwa. Jambo la kawaida kabisa. Mwalimu na huyu mpiga video wakakaa wakapatana watengeneze filamu yao wenyewe, ya watu wa Kigoma, wairudufu iende kwenye mabanda yote ya video mpaka makambini.

Binti alipewa nafasi ya mke mdogo ambaye mke mwenza anamwonea mpaka anaugua na kufa. Mwisho wa filamu ni mazishi. Mwalimu alitaka afunikwe uso kwenye jeneza.

"Ni heshima," akasema, "na pia hatutakuona ukipumua."

"Nitakufa, Mwalimu, lakini uso ubaki wazi."

"Utapumua tu."

"Sitapumua."

"Kamera ikae juu yako muda wote huo?"

"Ikae hata zaidi. Nihesabie."

Akalala pale pale kwenye mkeka wangu, mwalimu akatazama saa. Nilikwenda jikoni nikarudi, bado yuko vile vile. Mwalimu akasema basi, uso utabaki wazi. Hakujua kwa nini anabishiwa. Mimi nilijua: kaseti ingeenda mahali ambapo lori la kikundi lisingefika kamwe.

Jeneza waliliazima kwa fundi wa Gungu, na fundi hakupenda. "Likirudi nitamuuzia nani?" akauliza. "Hili limeshalaliwa."

"Na mtu mzima, hana ugonjwa," mwalimu akamwambia.

"Ndiyo mbaya zaidi. Sasa litakuwa limezoea watu kuamka."

Kaburi lilikuwa Bangwe, kwenye mteremko, ziwa linaonekana lote chini. Ukweli wake lilikuwa shimo la choo. Rafiki yake mwalimu alikuwa anajenga na shimo limefika kiunoni, wakalichonga pembe wakaweka udongo vizuri pembeni. Mimi na majirani zangu tuliitwa tuwe waombolezaji. Nilivaa kanga yangu nyekundu na nyeusi. Tulipoambiwa tulie tukaangua kicheko, mara mbili, mara tatu, mpiga video akakasirika, akasema kaseti yake haina mwisho. Kisha wakafunua jeneza.

Nilimwona amelala. Ngozi imekwajuka kwa unga wa muhogo waliompaka, mikono kifuani. Nikawaza, kaseti hii itamfikia mama yake, mama yake atakuja, na huyu ataondoka nyumbani kwangu kama hivi hivi. Nililia kilio ambacho sijakilia hata nilipomzika mume wangu. Wenzangu wakanifuata, kila mmoja na mtu wake aliyemkumbuka. Mpiga video akaacha watu wote akaja kunisimamia usoni. Walipomaliza binti akakaa kitako ndani ya jeneza, akapiga chafya, akasema, "Mama, umenizidi. Nimekufa vizuri halafu hakuna aliyenitazama."

Ilipita miezi. Filamu ikapendwa, mjini watoto wakawa wanamwita kwa jina la yule mke mdogo. Hakuna aliyekuja.

Halafu siku moja, mchana, niko uani nachuja mawese, nikasikia hodi ya sauti ndogo. Nikatoka. Mwanamke mwembamba, amenyoa nywele zote, miguu imejaa vumbi hadi kwenye magoti. Mkononi ana kifurushi cha kitambaa na karatasi ya kibali cha kutoka kambini. Akanisalimia kwa Kirundi, akanitazama muda mrefu, halafu akanishika mikono yote miwili.

"Ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyemlilia mwanangu."

Uso ulikuwa ule ule wa binti yangu, ila umezeeka. Nikamketisha, nikaketi na mimi, na akanieleza polepole nipate kuelewa.

Alikuwa anatoka kuni. Akasikia kilio kwenye kibanda. Kwao kama kwetu, kilio hukipiti, hata kama hujui ni cha nani. Akatua mzigo wa kuni nje, akaingia akainama, akachutama na wanawake waliokuwa karibu na mlango. Watu wote wamegeukia upande mmoja, akageuka na yeye. Akamwona mtoto wake ndani ya jeneza. Akaona ziwa. Akaniona mimi. Kaseti ilikuwa mwishoni, ikazima. Aliuliza pale ni wapi, wakamwambia Kigoma, Bangwe. Kwenye kibanda hicho hicho, wiki chache nyuma, alikuwa ameonyeshwa kaseti ya mazishi ya mwalimu wa kambi aliyefia mjini, na ile ilikuwa kweli. Baadhi ya watu walimwambia hii nyingine ni mchezo. Akawaambia, mtoto wangu namjua. Wakaacha kumbishia. Wakaona huzuni imemchanganya. Wanawake wa mtaa wake wakakaa naye matanga, wakamnyoa, na akaanza kuomba kibali.

"Nimezunguka makaburi ya Bangwe tangu asubuhi," akasema. "Hakuna linalotazama ziwa vile. Nikauliza, yule mwanamke mnene aliyelia ni nani, wakanielekeza kwako. Nimekuja unipeleke kwenye kaburi. Nimeleta mbegu za maua."

Akafungua kile kifurushi anionyeshe. Mimi nikaona lile shimo, ambalo kwa wakati ule lilikuwa choo kamili, na bati juu na pazia la gunia.

Sikujua nianzie wapi. Kumwambia mtu mtoto wako amekufa kuna namna yake, watu wazima wanaijua, unamketisha, unazunguka, unafika. Kumwambia hajafa, hakuna aliyewahi kunifundisha. Niliogopa moyo wake usije ukasimama.

Kabla sijasema akaniuliza tena. "Kuna nguo yake yoyote iliyobaki? Nipe hata kitambaa."

Nikainuka nikaenda chumbani. Ngata ilikuwa kwenye msumari wake. Siku hiyo hakuondoka nayo. Nikaja nikamwekea mapajani. Aliitambua kabla haijafika, akaisokota kidogo kuikaza, mikono yenyewe, maana ni yeye aliyeisokota mwanzo.

"Mwenyewe ameiacha leo," nikamwambia. "Ametoka asubuhi, hakuwa na mzigo. Amekwenda Gungu. Alasiri atarudi kula."

Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Nilirudia nafikiri mara nane. Nikamweleza jeneza la kuazima, unga wa muhogo, hata choo nikamweleza, na pale kwenye choo kitu kikamtoka puani, nikajua kwamba ameanza kuamini.

Nikaona nikingoja binti aingie sitasema tena. Nikamweleza na lile langu. Kwamba alikaa kwangu miaka yote hii sikumwandikisha. Kwamba ubao wa picha ulikuwepo na mimi ndiye niliyemzuia.

"Miaka mingapi?" akauliza.

"Sita. Na miezi."

Akahesabu kwa vidole kwa lugha yake, akafika katikati, akaacha. Akaomba maji. Nikampa, akanywa yote. Hakusema neno juu ya hilo siku ile, na hakuwahi kusema mpaka mwisho. Nilikuwa natamani angenitukana.

Alasiri mlango wa uani ukagongwa kwa mguu, kama kawaida yake akiwa amebeba kitu. "Mama," akaita kutoka nje, "mwalimu kanipangia kufa tena."

Sote wawili tuliitika.

Aliingia na mkungu wa ndizi begani. Akamwona mgeni. Nadhani zile nywele zilizonyolewa zilimpoteza kidogo, kisha ndizi zikaanguka. Hakumkimbilia. Alipiga magoti pale pale mlangoni akaja kwa magoti, uani kwangu kote, kama mtoto mdogo anayejua amekosea. Mama yake alimshika kidevu, akamwinua uso, akaweka kidole kooni.

"Hapa palitikisika," akasema. "Kwenye ile video. Niliona. Nikasema ni macho yangu yanataka."

"Mwalimu alisema hakuna atakayeona."

"Mwalimu hakukuzaa."

Walikaa hivyo, kidole kooni. Halafu mama akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Nionyeshe ulivyofanya."

"Mama, hapana."

"Lala. Nionyeshe. Nimeamka na picha ile kila siku. Nataka niione na hii."

Binti akanitazama mimi. Akalala kwenye mkeka, akapanga mikono kifuani, akafa. Kufa kwake mnaomjua mnakujua, uso unaondoka kabisa, unabaki kama kitu cha nyumbani ambacho mwenyewe kahama. Mama yake akainama juu yake. Kuku walikuwa wanaparua kwenye ndizi. Mimi nikajikuta nimezuia pumzi na mimi.

Mama akampiga paja. "Basi. Inuka. Pumua."

Akainuka. Mama akamfuta vumbi mgongoni kwa nguvu kama anamchapa. "Kazi yako mbaya," akamwambia. Kisha akaongeza, "Lakini unaijua."

Waliondoka pamoja wiki hiyo kwenda kambini, na binti akaandikishwa kwa jina lake. Nilibaki na msumari mtupu. Mwalimu alikuja kuuliza mwigizaji wake yuko wapi, nikamwambia ukweli wote, chai ikapoa mkononi mwake. Lakini hakumwacha. Alimwombea kibali mchezo kwa mchezo, na kambini kwenyewe binti akaanzisha kikundi chake cha wanawake, akafundisha wasichana kumtazama mtu wa mstari wa nyuma. Baadaye sana, kambi zilipofungwa na mama akarudi kwao ng'ambo ya mpaka, yeye mambo ya karatasi zake yakanyooka, watu wa Dar es Salaam wakawa wanamtafuta yule msichana aliyekufa kwenye filamu ya Kigoma. Akaenda. Amesimama kwenye kumbi kubwa zenye viti vya vitambaa. Ameingia kwenye tamthilia za televisheni, amekuwa mke, mchawi, hakimu, na siku hizi wanampa nafasi za mabibi. Nikimwona anatembea kama bibi nacheka peke yangu, maana hiyo ni Katonga ile ile, na kiuno ni kile kile.

Sharti lake kwa kila aliyemwajiri lilikuwa moja. Kama kuna kufa, aambiwe mapema, kwa sababu alikuwa na simu mbili za kupiga. Kwanza kwa mama yake, kisha kwangu. Alikuwa anaanza hivi: "Mama, keti kwanza." Unaketi. "Ijumaa nitakufa. Kisu. Msitishike." Mama yake alikuwa akinipigia baadaye kujadili kifo kinavyotarajiwa, na kwa Kiswahili chake na Kiha changu tulielewana vizuri sana juu ya mambo hayo. Kwenye simu hakuniita jina. Aliniita wewe uliyemlilia mwanangu, hadi mwisho.

Mwaka juzi simu ikaita asubuhi, nimemaliza kufagia.

"Mama, keti kwanza."

Nikaketi kwenye kizingiti. "Haya. Unakufa lini?"

Nikasikia anavuta pumzi. "Safari hii si mimi," akasema.

Nilitoa ile kanga nyekundu na nyeusi, imepauka lakini ipo. Mwanangu mkubwa akanipeleka Kibirizi nikapanda boti kwenda upande ule, mara yangu ya kwanza katika maisha yangu yote. Nyumba iko juu ya kilima, ziwa linaonekana lote chini. Hapakuwa na kamera. Watu walikuwa wanamtazama yeye, wengine wamemjua kutoka kwenye televisheni, wananong'ona kwamba halii. Nililia mimi, nikalia kwa sauti, maana ndicho nilichoitiwa.

Mama yake aliachwa uso wazi. Binti alisimama karibu na jeneza watu wote wakapita, wakaisha, na yeye bado amesimama, anatazama pale kooni.